Kuukata Utumbo

Kazini walimwita Feni kwa sababu hakuwa na kutulia. Akiwaza anazunguka. Akiongea na simu anazunguka. Akiletewa chai anaipokea akiwa njiani, na kikombe kinakuja kuonekana baadaye juu ya meza ya mtu mwingine, chai imepoa, haijafika hata nusu. Kiti chake kilikuwa na hali nzuri kuliko viti vyote vya ofisi, na wenzake walikuwa wakikimezea mate.

Asubuhi moja bosi aliwaita wote mbele ya skrini kubwa ya ukutani. Bosi alikuwa mtu mpole, mzito wa kuongea, mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu. Alikuwa amepata chombo kipya cha kuupima msimbo, yale maandishi yanayoongoza programu zao, akataka waone matokeo.

"Kinachohesabu ni njia panda," alisema. "Kila mahali programu inapojiuliza, kama ni hivi nifanye vile, kama sivyo nifanye vingine, hapo pana njia panda. Fungu la msimbo likiwa na njia panda chache, unalishika kichwani. Zikizidi, unapotea. Na mtu aliyepotea akigusa kitu, anavunja."

Skrini ikajaa viboksi vya kijani, kila fungu na chake, na vya njano hapa na pale. Katikati palikuwa na boksi moja jekundu, kubwa hadi limeyasukuma mengine pembeni.

"Na hilo dubwana ni nini?" bosi aliuliza, ingawa alijua.

"Utumbo!" walijibu watu kwa pamoja, chumba kikaangua kicheko.

Kampuni yao ndiyo iliyoandika programu ya benki ya damu ya mji. Daktari wa hospitali yoyote akiomba damu, programu ndiyo inayoamua utoke mfuko upi, kwenye friji lipi, uende kwa mgonjwa yupi. Uamuzi huo wote ulikaa ndani ya fungu moja refu, kama hadithi ya mtu anayesimulia bila kuvuta pumzi, na jina lake rasmi hakuna aliyelikumbuka. Waliuita Utumbo kwa kuwa ulijisokota. Waliuita hivyo pia kwa maana ile nyingine, kwamba kilichoandikwa humo ni utumbo mtupu, ila maana hiyo hawakuitaja Feni akiwa karibu. Aliyeuandika alikuwa kaka yake.

"Nani anauchukua?"

Watu wakaanza kutazama kucha zao.

"Feni," bosi akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe na huo mna damu moja?" alidakia mmoja kutoka nyuma, wakacheka tena. Feni hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuzunguka.

Kaka ndiye aliyemfundisha kazi hii, juu ya meza ya chakula ya wazazi wao, kwenye kompyuta iliyokuwa ikijizima kila ikipata joto. Ndiye pia aliyekuwa mwandishi wa programu wa kwanza wa kampuni. Kwa miaka mingi aliitwa kila Utumbo ulipogoma, kwani hakuna mwingine aliyethubutu kuugusa. Aliitwa akiwa harusini. Aliitwa mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa. Aliitwa siku ya kumzika baba yao, akasimama nyuma ya gari na simu sikioni huku watu wakimtafuta aje kutia udongo. Kisha siku moja aliingia kwa bosi, akaweka kitambulisho chake cha mlangoni mezani, akatoka bila kugombana na mtu. Sasa alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu za maji. Yeye na dada yake waliongea mambo yote ya dunia isipokuwa kazi ile.

Feni hakuanza kwa kukata. Alianza kwa kuupima mgonjwa. Aliupa Utumbo maombi ya kila namna, akahifadhi majibu yake yote, mazuri na ya ovyo, kusudi akibadilisha mstari na jibu likabadilika ajue palepale. Kazi hiyo ilimtesa, maana ilitaka mtu akae. Alikaa kidogo, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akasoma mistari ileile kama mtu anayesoma dawa iliyoandikwa na daktari mwenye haraka. Njia panda ndani ya njia panda, na ndani yake nyingine tena. Mstari mmoja uliuliza kama friji ni la kijani.

"Friji la kijani ni lipi?" alimuuliza bosi.

"Lilitupwa. Zamani sana."

Mstari mwingine uliiruka hospitali fulani siku za Ijumaa. Hospitali yenyewe ilikuwa imeshafungwa, jengo limegeuzwa ghala la mbao. Feni aliitoa mistari hiyo mmoja mmoja, kila mara akirudia majaribio, na kila mara majibu yalibaki vilevile. Ndipo akaanza kuchomoa vipande. Kile kilicholinganisha makundi ya damu akakitenga peke yake, akakipa jina linaloeleweka. Kile kilichoangalia tarehe ya mwisho ya mfuko, hivyo hivyo. Alipovisoma tena alisikia raha, kama mtu aliyepanga kabati na sasa anaona shati liko wapi. Boksi jekundu ukutani likapungua kidogo. Wenzake wakampigia makofi, na mtu akamletea chai ambayo hakuinywa.

Kisha akakwama.

Kulikuwa na maombi ambayo Utumbo uliyajibu "hakuna mfuko" wakati mifuko ipo, imejaa. Akirudia ombi lilelile, bila kubadilisha hata nukta, unakubali. Mwanzoni alidhani amekosea yeye. Akayaandika majaribio upya. Hali ileile: swali moja, majibu mawili. Haikutokea kwa damu zote, ni kwa makundi ya nadra tu, yale ya hasi. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Nyumbani alipika akasahau chumvi. Njiani alipita mlango wa duka alilokuwa akiliendea, akarudi, akalipita tena. Mwisho akamwambia bosi anakwenda benki ya damu kuona kwa macho yake, akatoka kabla hajajibiwa.

Ghala la benki lilikuwa chumba kirefu chenye mafriji pande zote mbili, yanaunguruma kwa sauti moja. Msimamizi wake alikuwa mwanamke mtu mzima anayevaa sweta chini ya koti jeupe mwaka mzima, na wote walimwita Mama Barafu. Alimpa Feni kigoda, akamwona hakikalii, akakirudisha.

"Tazama tu, mwanangu. Ila usiguse."

Ombi likaingia: O hasi, hospitali ya upande wa pili wa mji. Mama Barafu akabonyeza. Skrini ikajibu hakuna mfuko. Bila hata kukunja uso, akabonyeza tena. Ikakubali, mashine ikatema lebo.

"Umebonyeza mara mbili," Feni alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hizi damu za hasi zina madeko. Mara ya kwanza zinakataa, mara ya pili zinakubali. Hapa kila mtu anajua. Tulidhani nyie ndio mmeweka hivyo kwa ajili ya usalama, mtu asibonyeze kwa bahati mbaya."

"Na hospitalini wanajua?"

"Wanaopitia kwangu nawabonyezea mimi. Wanaoomba wenyewe huko huko, sijui. Labda wengine wakiambiwa hakuna wanaamini hakuna."

Feni akaanza kutembea kati ya mafriji. Mwisho wa chumba palikuwa na sinia la chuma lenye mifuko iliyobandikwa karatasi ya manjano.

"Na hii?"

"Hiyo imepita muda. Inaletwa kutoka mafriji yetu ya pembezoni, inakwenda kuchomwa."

Feni aliinama. "Mama, mingi humu ni hasi."

"Naona."

"Si ndiyo hiyo inayotafutwa kila siku?"

"Inatafutwa, lakini ilikuwa imeshikwa. Programu ikisema mfuko umeshikwa, hautolewi kwa mwingine. Una mwenyewe. Mgonjwa anausubiri."

"Mgonjwa gani?"

Mama Barafu alichukua kifaa cha kusomea lebo, akakielekeza kwenye mfuko wa juu. Skrini ikaandika: umeshikwa. Mahali pa jina la mgonjwa palikuwa patupu. Akasoma wa pili. Patupu. Wa tatu, vilevile. Akakiweka kifaa mezani taratibu, akavuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole.

"Mimi jina sikuwa naliangalia," alisema. "Majina ni mambo ya hospitali. Mimi naangalia kama umeshikwa. Mwanangu, usiniambie."

Feni alimpigia bosi akamweleza alichokiona, wakakubaliana: mifuko yote iliyoshikwa bila jina, popote ilipo, isichomwe wala isitolewe, iwekwe kando hadi wajue kulikoni. Hakutaka kuiachia kwa kubahatisha, maana mmoja kati ya hiyo ungeweza kweli kuwa na mtu wake. Mama Barafu alianza kupiga simu kabla Feni hajafika mlangoni.

Karakana ya kaka yake ilikuwa karibu kuliko ofisi. Alikwenda kwa miguu, karibu kukimbia, akafika amelowa jasho. Wifi yake alikuwa mbele ya duka anapanga mipira ya mabomba kwa ukubwa.

"Wifi! Na jua lote hili? Kaa kwanza."

"Sikai."

"Najua hukai, nimesema tu nisionekane sina adabu."

Kaka alikuwa ndani, mikono imezama kwenye tumbo la pampu hadi viwikoni. Alimtazama dada yake, akatabasamu, kisha akauona uso wake vizuri na tabasamu likaondoka.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Kaka, nataka kukuuliza kitu cha kazi. Kwa nini Utumbo unaushika mfuko kabla haujakagua kama unafaa?"

"Kwa nini nini?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Feni alilisikia likianguka. Wifi, kule mbele, aliacha kupanga mipira.

"Utumbo," kaka alirudia polepole. "Ndivyo mnavyouita?"

"Kaka..."

"Sema tu. Nimeuliza." Aliitoa mikono, akaanza kuifuta kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "Niliuandika nikiwa na homa. Niliuandika nikiwa na msiba. Kila mtu alikuja na lake, ongeza hili, ongeza lile, kesho asubuhi liwe tayari. Niliomba wiki moja ya kuusafisha. Sikupewa hata siku. Leo nimekuwa mwandika utumbo."

"Na mbona hukumfundisha mtu?" Feni naye alipanda. "Mimi nilikaa jirani yako pale. Nilikuuliza nisome nini, ukaniambia niuache, nitavunja."

"Ungevunja!"

"Basi umevunjika wenyewe! Damu inachomwa, Kaka. Inashikwa, haina mgonjwa, inaoza kwenye friji, halafu inachomwa."

Kitambaa kikatulia mikononi mwake.

"Eleza," alisema. "Taratibu. Na usizunguke, unanitia kizunguzungu."

Feni alieleza. Kaka alisikiliza kichwa kimeinama, na maswali aliyouliza yalikuwa mafupi, ya mtu ambaye bado anauona msimbo akifumba macho. Damu za aina gani? Mafriji ya karibu au ya mbali? Mifuko mipya au inayokaribia kuisha? Dada alijibu, na kwa kila jibu hasira zao zikazidi kusahaulika.

"Nilishika kwanza kwa sababu hospitali mbili zilikuwa zinauchukua mfuko mmoja kwa wakati mmoja," kaka alisema. "Watu walikaribia kupigana. Kwa hiyo unashika, ndipo unakagua. Ukifaa, unaandika jina la mgonjwa. Usipofaa, unauachia."

"Unauachia wapi?"

"Chini kabisa, mwisho wa fungu. Kila njia inapita pale kabla ya kutoka."

"Kila njia?"

"Kila njia niliyoiandika mimi."

Feni alisimama, akipitisha macho kwenye mistari ambayo haikuwa mbele yake. Katikati ya Utumbo, mbali sana na mwisho, kulikuwa na sharti moja fupi. Lilisema damu ya nadra iliyobakiza siku chache isisafirishwe mbali. Ikiwa hivyo, jibu hakuna mfuko, toka. Alikuwa amelisoma mara nyingi asilione na ubaya wowote. Na kweli lilikuwa na busara. Ila lilitoka hapo hapo. Halikushuka hadi chini, na mfuko ulibaki umeshikwa. Ombi la pili liliukuta umeshikwa, likauruka, likachukua mwingine.

"Inatoka katikati," alisema.

"Nani aliweka mlango katikati?"

Lakini dada yake alikuwa ameshafika barabarani, na wifi anamwita, "Hata maji hujanywa!"

Ofisini alimvuta bosi kwa mkono wa shati hadi kwenye skrini yake. Wenzake wakasogea. Aliusoma mstari kwa sauti, akaonyesha unapotoka, kisha akateremsha, akateremsha, akateremsha hadi mwisho, pale penye kuachia. Kila mtu aliona. Ilichukua muda mrefu kufika, na ndani ya muda huo bosi aliacha kutafuna kifuniko cha kalamu.

Programu yao hutunza kumbukumbu ya nani aliandika mstari upi na lini. Feni alipeleka mkono aifungue.

"Usihangaike," bosi alisema. "Ni mimi."

Feni aliurudisha mkono.

"Kaka yako alikuwa ameshaondoka. Hospitali zililalamika kwamba mifuko inawafikia imeisha muda njiani. Nikaingia, nikatafuta pa kuweka sharti langu, nikaweka, nikajaribu, nikaona inakataa kama nilivyotaka. Sikushuka hadi chini. Sikujua kama huko chini kuna kitu." Aliitazama kalamu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Piga simu benki."

Walirekebisha kwanza kwa mstari mmoja: badala ya kutoka, achia mfuko huo, jaribu unaofuata. Kisha mchana ule wote Mama Barafu alisoma lebo kwenye simu, friji kwa friji, huku Feni akihakikisha kwamba kila mfuko kweli hauna mwenyewe, ndipo anauachia. Walikuta mingi kuliko walivyotaka kuamini. Baadhi bado ilikuwa mizima, na jioni hiyo hiyo magari ya hospitali yalikuja kuichukua.

Feni alidhani baada ya hapo roho yake itatulia, haikutulia. Sasa kila alipoutazama Utumbo aliona milango. Kama mmoja ulikaa wazi miaka yote hiyo bila mtu kuuona, mingine je? Bosi naye aliona hivyo hivyo.

"Ukate wote," alimwambia. "Kisibaki kipande ambacho mtu hawezi kukisoma bila kuteremsha skrini. Na ukate na kaka yako."

"Hatakuja."

"Nitakwenda kumwomba mwenyewe."

Alikwenda. Kaka alimsikiliza akiwa amechuchumaa kando ya pampu, akakataa. Bosi akamwambia ule mlango wa katikati ni wake yeye, na kwamba alipoomba wiki ile ya kusafisha alipaswa kupewa. Kaka akakataa tena, safari hii kwa sauti ya chini. Ni wifi aliyemaliza maneno.

"Nenda," alimwambia mumewe. "Tangu dada yako atoke hapa umeifungua hiyo pampu ukaifunga, ukaifungua ukaifunga. Haina tena ubovu, inakuogopa wewe."

Alikuja na sharti moja: wasimpigie simu. Atakuja kwa miguu yake na ataondoka kwa miguu yake. Akakaa kwenye kiti cha Feni, akakisifu, na Feni akasimama nyuma yake. Walifanya kazi hivyo, mmoja amekaa kama ameota mizizi na mwingine anazunguka.

Waligombana kila saa. Kaka alipenda majina ya herufi tatu. Dada alitaka majina kamili.

"Maneno marefu hivi yanaumiza macho."

"Macho ya nani? Wewe unajua shk ni nini. Atakayekuja baada yetu atajuaje?"

"Atauliza."

"Atamuuliza nani, Kaka? Fundi wa pampu?"

Kaka alinuna, kisha akafuta herufi tatu akaandika ShikaMfuko. Walikubaliana kushika na kuachia vikae ndani ya fungu moja dogo, lililojengwa kwa namna ambayo hata mtu atoke kwa mlango gani, mfuko unaachiwa nyuma yake. Hilo lilikuwa wazo la kaka, na Feni alimpiga bega kwa furaha hadi akalalamika.

Siku moja walifika kwenye sharti ambalo Feni hakulielewa hata chembe. Lilizidisha namba fulani kwa mbili, kisha chini kidogo likaigawanya kwa mbili tena.

"Hii ya nini?"

Kaka aliitazama muda mrefu. "Sijui."

"Hujui vipi? Si umeiandika wewe?"

"Nimeiandika mimi, na sijui. Labda kulikuwa na sababu, ikaondoka. Sikuitoa kwa kuwa niliogopa." Aligeuka na kiti, akamtazama. "Mlidhani vyote viko kichwani mwangu. Na mimi niliwaacha mdhani. Simu ikilia nilikuwa naogopa kama nyinyi, ila mimi ndiye niliyepaswa kupokea."

Maisha yake yote Feni alimwona kaka yake kama mtu anayejua. Aliutoa ule mstari, akaendesha majaribio. Yote yakapita. Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakacheka hadi wenzao wakaja kuuliza kuna nini.

Programu mpya iliwashwa asubuhi ya siku ya kazi, watu wote wakiwa macho na simu zikiwa wazi. Ukutani hapakuwa na boksi jekundu tena, ni viboksi vya kijani vilivyotapakaa. Feni alizunguka meza hadi bosi akamwomba kwa heshima azungukie nje. Simu ya kwanza ilitoka kwa Mama Barafu.

"Mmeiharibu," alisema.

Feni akaacha kuzunguka. "Imefanya nini?"

"Nimebonyeza O hasi, imekubali mara ya kwanza. Nimebonyeza ya pili kwa mazoea, inaniambia ombi limeshapokelewa. Sasa hii ndiyo nini?"

Feni alipowaeleza, watu walishangilia kama mpira umeingia golini. Kaka hakushangilia. Alichukua shati lake la kazi nyuma ya kiti, akamwambia dada yake wifi anamsubiri, akaondoka kwa miguu yake kama alivyosema.

Bosi aliziandikia hospitali zote. Alieleza kilichotokea, akaweka jina lake chini na si la kampuni tu. Wakubwa wake hawakupenda, wakamteremsha cheo, akahamia meza ya pembeni ambako alionekana mwepesi kuliko zamani. Hospitali nyingi zilijibu kwa upole. Moja haikujibu. Feni aliisubiri, akaacha kuisubiri, akaanza tena. Hatimaye akaenda.

Daktari wa wodi ya wazazi alimpokea wamesimama koridoni, machela zikipita kati yao. Alikuwa mwanamke wa umri wake, macho yamechoka.

"Barua niliisoma," alisema. "Sikujua niandike nini. Hapa tuliandika damu haikupatikana, tukaendelea na kazi. Hatukujua kubonyeza mara mbili. Nani angetuambia?"

"Kuna mtu ambaye..." Feni alishindwa kumaliza.

"Unataka nikwambie ni nani alikufa kwa sababu yenu. Siwezi. Mtu hafi kwa sababu moja, na mimi siwezi kuifungua siku ya kifo nikatoa kipande chako." Alimpisha muuguzi, kisha akaendelea. "Mmoja namkumbuka. Aliletwa anavuja damu, mkaniambia hakuna mfuko. Dada yake alikuwa koridoni, kundi lao moja. Tukamtoa damu yeye. Walitoka hapa wote wawili wakitembea. Wengine sijui, na wewe hutajua. Mmerekebisha?"

"Tumerekebisha."

"Una uhakika?"

"Njoo tuangalie."

Waliingia kwenye chumba cha wauguzi. Daktari alikuwa na mgonjwa wa kesho anayehitaji damu ya nadra. Akaandika ombi, akabonyeza mara moja, akakiinua kidole juu kabisa, kama anayeogopa kuungua. Likakubaliwa. Akasoma jina la friji, namba ya mfuko, na jina la mgonjwa lililokaa mahali pake.

"Haya," alisema. "Nina wagonjwa." Lakini alimshika Feni mkono kabla ya kutoka.

Nje, Feni alimpigia kaka yake huku akitembea. Alimweleza kila neno. Upande wa pili pampu ilikuwa ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Alisema walitoka wakitembea?"

"Wakitembea."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Kaka."

Feni alisikia wifi akiuliza kitu kwa mbali, bila kujibiwa.

"Huyo daktari yupo kesho?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Nataka kuja."

"Kufanya nini?"

"Sijui," kaka alisema. "Ila nitakuja."